Wasomaji Wanauliza: Eabegi ya ndege ndogo, mbona imefichwa ndani ya mkanda?

Toleo lililopita niliandika aya moja tu kuhusu mikanda yenye eabegi, ule mfuko unaojaa gesi ghafla ajalini kukinga mtu, kwenye ndege ndogo, zile za injini moja za siti mbili mpaka sita hivi, nikadhani nimemaliza. Barua zimekuja nyingi mpaka imebidi niachie safu nzima ya leo. Nimezipunguza urefu kidogo lakini maswali ni yenu.

Shikamoo mwalimu. Nasomea urubani, nina masaa 22 tu angani. Ndege tunayojifunzia mkanda wake ni mnene pale kiunoni kama umeshonewa kimto, mkufunzi akanambia humo ndani kuna eabegi. Sasa mbona kwenye gari inakaa kwenye usukani, huku wameniletea mapajani? Si ndo hatari zaidi? – Rubani mtarajiwa

Marahaba mwanangu, na masaa 22 sio haba. Siku ukikaa tena humo, kabla hujawasha injini hebu uangalie vizuri usukani wako. Ukiuvuta unakuja kifuani, ukiusukuma unaenda mbele, halafu unazunguka kushoto na kulia. Eabegi ya gari inategemea jambo moja kubwa, kwamba usukani hautoki pale ulipo na dereva yupo nyuma yake kwa umbali unaokadirika. Ndegeni kila kitu kinatembea, siti inateleza kwenye reli zake, usukani unaingia na kutoka, rubani mfupi kajisogeza mbele magoti yanakaribia kugusa na mrefu karudi nyuma kabisa, na dashibodi yote imejaa saa na redio ambazo fundi anazitoa na kuzirudisha kila mara. Ukiweka mfuko pale hujui utamkuta mtu wapi, na kibaya zaidi unaweza ukausukuma usukani wenyewe wakati rubani bado anapambana kuishusha ndege.

Basi wabunifu wakaligeuza swali. Wakaacha kuuliza mfuko ukae wapi ndani ya ndege, wakauliza ukae wapi kwa mtu. Mkanda upo mwilini mwa mtu muda wote, kwa hiyo mfuko ukishonwa kwenye mkanda umbali wake na kifua haubadiliki, hata siti ikisogezwa wapi. Na unafunguka kwenda mbele, yaani unaanzia kwako unaenda kukutana na dashibodi, haukujii usoni kama wa gari. Ile hofu yako ya mapajani mi naielewa kabisa lakini ukiifikiria vizuri, kitu kinachoanza kikiwa kimekugusa tayari hakina nafasi ya kuchukua kasi ya kukupiga.

Halafu kuna suala la gesi. Kwenye gari nyingi gesi inatengenezwa palepale kwa kuchoma kemikali, inatoka ya moto. Huwezi kumwekea mtu kitu kama hicho kiunoni. Mfumo unaojulikana zaidi kwenye ndege ndogo, ule wa AmSafe, kampuni ya Phoenix kule Marekani, unatumia heliamu iliyobanwa kwenye mtungi mdogo unaofungwa karibu na siti, halafu mpira mwembamba unaipeleka mpaka kwenye mkanda. Kwanini heliamu? Ni gesi nyepesi sana, sauti yenyewe inasafiri ndani yake karibu mara 3 ya inavyosafiri kwenye hewa ya kawaida, na gesi nyepesi hivo inapita kwenye mpira haraka mno, na hapa tunahesabu vipande vya sekunde. Haiwaki pia, na ndege ikianguka mafuta yanaweza kuwa yanamwagika chini yako.

Niliwahi kushika mkanda wa namna hii uliofunguliwa kwa ajili ya kufundishia. Kwa nje ni kitambaa tu, ukibonyeza unasikia kitu kimekunjwa kwa kukazwa kama nguo ya msafiri mwenye begi dogo, na pembeni kuna mshono mmoja ambao uzi wake umechaguliwa dhaifu makusudi ili upasuke kwanza. Nikapitisha kidole kwenye ule mshono nikawaza, mtu alikaa siku nzima kuchagua uzi huu ukatike kwa nguvu gani, usikatike kwa kuvutwavutwa na abiria, usichelewe siku ya siku. Mfuko ukishafanya kazi yake unaanza kunywea wenyewe ndani ya sekunde chache, ili uone mlango ulipo na utoke.

Kaka habari. Mimi ni fundi wa magari, eabegi nimefungua nyingi. Gari likipigwa chini vibaya kuna wakati zinafunguka bila ajali. Sasa ndege inatua kwa kishindo kila siku hasa wanaojifunza, hewani kuna misukosuko, inakuwaje haifunguki hovyo? – Fundi

Fundi, umegusa penyewe. Kufungua mfuko sio kazi ngumu. Kazi ngumu ni kuuambia lini ukae kimya.

Kwanza ni mwelekeo. Kishindo cha kutua kinakuja kutoka chini kwenda juu, na misukosuko ya hewa pia mingi inakurusha juu na chini. Sensa ya eabegi inasikiliza mbele na nyuma tu, kwa urefu wa ndege, yaani inasubiri ndege isimamishwe ghafla na kitu kilicho mbele. Pili ni muda. Chukua nyundo gonga chuma, pale kwenye chuma mshtuko ni mkubwa ajabu, g nyingi sana (g moja ni uzito wako wa kawaida, 2 g ni mara mbili yake), lakini umepita kabla hata hujapepesa na chuma chenyewe hakijabadilisha mwendo wowote. Sensa nzuri haidanganyiki na mpigo mkali wa kufumba na kufumbua, inapima mshtuko umeendelea kwa muda gani, kwa maneno mengine ndege imepoteza mwendo kiasi gani. Mtetemo wa injini, mtu kupiga teke mguu wa siti, mlango kufungwa kwa nguvu, vyote hivyo haviupunguzii mwili wako mwendo.

Tatu kuna swichi ndani ya kifungo cha mkanda. Usipojifunga mfumo umelala. Ukifungua kifungo umeme unakatika, na wewe kama fundi shika hilo pia kwa siku utakayoitwa kuokoa mtu: kama mfuko haujafunguka, fungua kifungo kwanza kabla hujaanza kukata kata mikanda. Betri ni zake wenyewe, hautegemei umeme wa ndege, maana kwenye ajali nyaya za ndege zinaweza kukatika mapema.

Sheria za ndege ndogo ziliandikwa kabla ya mifuko hii kuwepo, kwa hiyo FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, ikawa inatoa masharti maalumu kwa kila aina ya ndege inayotaka kufungwa mfumo huu. Nilipoyasoma mara ya kwanza nilifurahi kweli, maana unaona watu wamekaa wakajiuliza mambo ya maana. Mfumo uchakae miaka na bado ufanye kazi. Radi isiufungue, wala mawimbi makali ya redio. Usizuie watu kutoka haraka. Umfae mtu mdogo na mtu mkubwa. Mkanda usiweze kufungwa vibaya kiasi cha mfuko kushindwa kufunguka sawasawa, maana watu wanajifunga wakiwa na haraka. Na lile lililonigusa zaidi, mfuko wa rubani ukifunguka kwa bahati mbaya hewani, lazima ionyeshwe kwamba jambo hilo ni nadra kupita kiasi, au kwamba rubani bado anaweza kuiongoza ndege. Fikiria uko mita 100 juu ya ardhi unakuja kutua halafu kitu kinalipuka mapajani. Swali hilo lilipaswa kuulizwa, na liliulizwa.

Habari za kazi mhandisi. Nasoma uhandisi mwaka wa tatu. Naomba namba, tusiongee kwa jumla jumla. Wanapima vipi kwamba kiti na mkanda na mfuko vinatosha? – Mwanafunzi, mwaka wa 3

Haya, namba hizi hapa. Mwaka 1988 FAA iliongeza majaribio mawili ya mshtuko kwa viti vya ndege ndogo, na ndiyo yaliyobadilisha viti vya ndege ndogo za miundo iliyokuja kuidhinishwa baada ya hapo. Mwaka 2017 sheria yenyewe iliandikwa upya kwa mtindo mwingine lakini ukitaka kuelewa fikra yake anzia hapa.

La kwanza ni la kuanguka chini. Kiti kinageuzwa ili mshtuko uje zaidi kutokea chini na kidogo kutokea mbele, pembe ya nyuzi 60, mwendo unaopotea usipungue mita 9.4 kwa sekunde, na kwa siti za mbele mshtuko ufike 19 g ndani ya sekunde 0.05. Hapo wanaangalia uti wa mgongo, nguvu inayobana kiunoni isizidi pauni 1,500, hiyo ni kama kilo 680.

La pili ni la mbele, na ndio uwanja wa eabegi. Mwendo wa mita 12.8 kwa sekunde, ambao ni kilomita 46 tu kwa saa, kiti kimegeuzwa nyuzi 10 pembeni kwasababu ajali haiji imenyooka, mshtuko ufike 26 g kwa siti za mbele ndani ya sekunde 0.05, siti za nyuma 21 g. Kabla ya jaribio hilo wanazipinda kwanza reli za sakafu nyuzi 10, maana ndege ikijikunja kiti hakitakiwi kung'oka. Linganisha na ndege kubwa za abiria ambazo jaribio lao la mbele ni 16 g. Wengi wanashangaa, ndege ndogo imewekewa namba kubwa kuliko kubwa? Ndio, ndege kubwa ina bodi ndefu mbele ya abiria ya kujikunja na kula ile nguvu. Wewe mbele yako una injini na mita mbili hivi za chuma.

Sasa fanya hesabu. Chukulia mshtuko unapanda mpaka 26 g halafu unashuka, kama pembetatu, jumla sekunde 0.1. Wastani ni 13 g, zidisha kwa 9.81 zidisha kwa 0.1 unapata mita 12.75 kwa sekunde, inaingia vizuri kabisa. Umbali wa kusimama ni kama sentimita 64. Ndani ya sentimita hizo ndege imeshasimama na kichwa chako bado kina safari, kilo 4 au 5 zinazovuta kama kilo 110 na zaidi, mkanda wa bega unanyooka, shingo inaenda, na dashibodi ya ndege ndogo haiko mbali. Kigezo cha jeraha la kichwa kinakokotolewa kutokana na mshtuko wa kichwa na muda wake, na kisizidi 1,000. Kipimo hicho kinatumika pale kichwa kinapogonga kitu.

Jaribio lenyewe ukiliona limepunguzwa kasi kwenye video hutalisahau. Sanamu ya mtu imekaa imetulia, usoni imepakwa rangi au chaki, rangi hiyo ni ili ikigusa popote iache alama. Toroli kwenye reli linashtuka. Kwa sekunde 0.05 za mwanzo unaona mkanda unakaza, mabega yanaenda, kidevu kinashuka, na ule mfuko unachomoza kutoka kiunoni kama unga wa mkate unavyoumuka lakini kwa kufumba na kufumbua, uso unaingia ndani ya mfuko. Baada ya hapo watu wanaenda na tochi kukagua dashibodi, wanatafuta ile rangi. Ikiwa ipo kwenye mfuko na dashibodi ni safi, watu wanashusha pumzi.

Na usidhani mwili ni dhaifu kiasi hicho. Tarehe 10 Desemba 1954, John Paul Stapp, daktari wa jeshi la anga la Marekani, alijifunga kwenye toroli la roketi huko New Mexico, akafika karibu kilomita 1,017 kwa saa, akasimamishwa kwa sekunde 1.4, kilele 46.2 g. Macho yalivuja damu lakini aliishi mpaka 1999. Mwili ulioshikwa vizuri kila mahali unavumilia mengi. Kinachoua mara nyingi ni kile unachokigonga.

Dada/kaka mwandishi, mume wangu ana leseni na tunaruka wote wikiendi. Nina mimba ya miezi 6 na tuna mtoto wa mwaka mmoja. Nikae na mkanda wa eabegi? Na mtoto nimpakate? – Mama wa wawili karibuni

Dada yangu, la mtoto naanza nalo na nasema wazi, usimpakate kwenye siti yenye mkanda huo. Mfuko unafunguka kutoka kiunoni kwako kwenda mbele na mtoto atakuwa amekaa hapohapo unapotokea. Na hata pasipo mfuko, mtoto wa kilo 10 kwenye 26 g anavuta kama kilo 260, hakuna mama wala baba mwenye mikono ya kushika hiyo, mapenzi hayasaidii pale. Mtoto akae nyuma kwenye kiti chake cha mtoto kilichoruhusiwa kwa ndege, na kama siti ya nyuma nayo ina mkanda wa eabegi soma kitabu cha ndege kinasemaje kabla hujafunga kiti cha mtoto hapo, hasa kile kinachomgeuza mtoto kuangalia nyuma.

Wewe mwenyewe jifunge. Mkanda wa chini upite chini ya tumbo, ulale kwenye mifupa ya nyonga, wa bega upite katikati ya matiti na pembeni ya tumbo. Ukipanda juu ya tumbo hapo ndio unadhuru. Na hili la mkanda kupanda tumboni sio la wajawazito peke yao. Mwaka 1917 kijana mmoja anaitwa Hugh DeHaven alikuwa anajifunza urubani wa kivita huko Texas, ndege zikagongana angani, wengine wakafa yeye akapona, lakini akiwa amepasuka viungo vya ndani ya tumbo. Alivyofikiri baadaye akaona kilichomuumiza ni kifungo cha mkanda wake mwenyewe. Hakuacha kuliwaza. Mwaka 1942 akaanzisha utafiti wa majeraha ya ajali pale Cornell, na mengi tunayofanya leo kwenye mikanda yanaanzia kwenye tumbo la yule kijana. Masharti ya eabegi za ndege yanataja wajawazito pia, hamkusahauliwa, ila ongea na daktari wako kuhusu kuruka kwenyewe katika miezi hii.

Kama ndege ina parachuti ya kuishusha nzima nzima, eabegi ya nini? – Msomaji

Ikishuka kwa parachuti inakuja chini, na mshtuko unaingia mgongoni, hapo kazi ni ya kiti chenye kitu cha kujikunja chini yake. Mfuko hausaidii sana mgongo. Lakini ajali nyingi zinatokea chini sana, wakati wa kupaa au kutua, parachuti haina nafasi ya kufunguka na ndege inaenda mbele. Ndo maana unakuta watengenezaji kama Cirrus wanaweka vyote viwili.

Mzee mwenzangu, nina ndege yangu ya miaka ya 60, ina mikanda ya kiunoni tu. Watoto wananisumbua niweke eabegi. Nifanyeje? – Mwenye ndege kongwe

Mzee mwenzangu, hao watoto wanakupenda, wasikilize, lakini usianzie kwenye eabegi. Anzia kwenye mkanda wa bega.

Marekani mkanda wa bega ulikuja kuwa lazima kwa siti za mbele za ndege ndogo zilizotengenezwa baada ya tarehe 18 Julai 1978, na siti zote kwa zile za baada ya tarehe 12 Desemba 1986. Ndege yako ilizaliwa kabla. NTSB, bodi ya Marekani inayochunguza ajali, ilitoa ripoti mwaka 2011 kuhusu eabegi za ndege ndogo, ikafuatilia ajali za 2006 hadi 2009 za ndege zilizofungwa mifuko hii, ikaona kwamba kwenye ajali kali ambazo mtu anaweza kupona, na nguvu imekuja kutoka mbele, mfuko unapunguza majeraha. Lakini ripoti hiyohiyo ilipochambua ajali za 1983 hadi 2008 ikakuta aliyevaa mkanda wa kiunoni peke yake ana hatari karibu asilimia 50 zaidi ya kufa au kuumia vibaya kuliko aliyevaa na wa bega. Mi naona namba hiyo ndiyo ya kukulazimisha uamke kesho uende kwa fundi. Mfuko unaongeza ulinzi juu ya mkanda, haushiki mtu. Kazi yake ni kukiacha kichwa na fahamu, maana ndege ikishasimama kuna mafuta, kuna moshi, na mtu aliyezimia hafungui mlango hata kama hana mfupa uliovunjika. Mkanda ukiwa mbovu mwili unateleza chini yake na mfuko unakuta kifua hakipo mahali pake.

Mwambie fundi aangalie sehemu ya kushikilia mkanda wa bega kwenye bodi. Usikubali atoboe popote anapoona panafaa, ndege nyingi za zamani zina vifaa vilivyoidhinishwa vya kuongezea. Mkanda ukitoka begani kwenda nyuma uwe umelala au upande kidogo, kati ya nyuzi 0 na 30. Ukishuka chini sana kwa nyuma, siku ya ajali utakuvuta mabega kwenda chini na kuubana mgongo. Na ile mikanda ya kiunoni uliyonayo kagua kitambaa, kama kimeota manyoya na rangi imekwenda na jua basi umri wake umeisha hata kama kifungo bado kinalia vizuri.

Ukishamaliza kufunga, kaa kwenye siti unavyokaa ukiruka, jifunge ukaze, mwombe mtu aushike mkanda wa bega pale unapoingia kwenye rili, kile kigurudumu kinachoukunja mkanda, usiachie, halafu uegemee mbele mpaka ugome na umwambie apime kwa rula kutoka paji la uso wako mpaka dashibodi. Ajalini mkanda utanyooka zaidi ya hapo, kwa hiyo rula ikionyesha upana wa kiganja tu, hapo ndipo mpigie fundi umuulize kama kuna eabegi iliyoidhinishwa kwa aina ya ndege yako.